Daktari Livingstone katika Milima na Mapori ya Nchi Yetu

Katika mwaka wa Jubilei ni desturi yetu kuwakumbuka waliotutangulia katika imani: waliojenga, waliofundisha, waliobatiza, na waliozikwa katika udongo wa nchi hii. Mtu ambaye habari zake zafuata hapa hakujenga kanisa katika nchi ya Mpanda na Katavi, wala hakufungua shule, wala kaburi lake haliko kwetu. Alipita tu. Alipita mara mbili katika mwaka mmoja, mwaka 1872, tena kwa miguu. Mara ya kwanza alikuwa na rafiki, na moyo wake ulichangamka. Mara ya pili alikuwa mgonjwa, naye alikuwa amebakiwa na miezi michache tu ya kuishi. Jina lake ni Daktari David Livingstone.

Mengi katika maisha yake yajulikana. Watoto wa shule wajua kwamba alitafuta chemchemi za mto Nile, na kwamba alipigana kwa maneno na kwa maandiko na biashara ya watumwa. Lakini liko jambo moja ambalo si wengi walifikirio, nalo ni hili: mtu huyu alipenda sana milima na pori. Alipofika mahali pa juu alisimama akatazama, na kutazama kule kulimpa nguvu ya kwenda mbele.

Nasi tunakaa katika nchi ya wawindaji. Wazee husimulia kwamba jina la Katavi latokana na Katabi, mwindaji wa kale, ambaye watu walimwekea sadaka chini ya mkwaju karibu na ziwa. Basi yafaa tujiulize maswali mawili tunaposoma habari hizi. Mtu apandapo mlima na kuitazama nchi, anatazama nini? Na mtu achukuapo bunduki kuingia porini, anatafuta nini?

Kijana wa kiwandani

David Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 huko Blantyre, katika nchi ya Scotland, karibu na mto Clyde. Wazazi wake walikuwa maskini wacha Mungu. Alipokuwa na umri wa miaka kumi alipelekwa kufanya kazi katika kiwanda cha pamba. Kazi ilianza saa kumi na mbili asubuhi, ikaisha saa mbili usiku. Kwa sehemu ya mshahara wake wa kwanza alinunua kitabu cha kujifunzia Kilatini, akakiweka juu ya mashine, akawa anasoma neno hapa na neno pale alipokuwa akipita mbele yake kazini.

Siku za mapumziko alikwenda na ndugu zake kutembea mashambani na vilimani. Walikusanya majani na maua, wakatafuta alama za konokono wa kale katika mawe ya chokaa. Kijana aliyefungiwa ndani mchana kutwa, katikati ya kelele za mashine, alijifunza hivyo kwamba hewa ya nje ni zawadi, na kwamba nchi ni kitabu ambacho Mungu amekifungua mbele ya maskini na tajiri sawasawa.

Baadaye alisoma uganga, akapata cheti chake mwaka 1840. Alikuwa amenuia kwenda China, lakini vita vilifunga njia ile. Ndipo akakutana na mmisionari Robert Moffat, naye akamwelekeza Afrika ya Kusini. Mwaka 1841 alifika Kuruman, na mwaka 1845 akamwoa Mary, binti wa Moffat.

Simba wa Mabotsa

Kabla ya ndoa ile lilimpata jambo ambalo alama yake alikaa nayo mwilini mpaka kufa. Mwaka 1844 alikuwa akikaa mahali paitwapo Mabotsa. Simba walikuwa wakiingia na kuua mifugo ya watu, hata watu wakapoteza ujasiri. Livingstone akatoka pamoja nao kuwawinda. Simba walikuwa juu ya kilima kidogo chenye miti, na watu wakakizunguka. Alimwona simba mmoja nyuma ya kichaka, akampiga risasi mbili. Alipokuwa akishindilia bunduki mara ya pili, simba alimrukia, akamwuma begani, akamtikisa kama mbwa amtikisavyo panya.

Mwalimu Mwafrika jina lake Mebalwe alikuwa karibu. Akainua bunduki yake ili amwokoe, lakini haikulia. Simba akamwacha Livingstone akamrukia Mebalwe, akamwuma paja. Mtu mwingine akaja na mkuki, naye akaumwa. Kisha risasi zile za kwanza zikafanya kazi yake, simba akaanguka akafa.

Mfupa wa mkono wa kushoto wa Livingstone ulivunjika, wala haukuungana vizuri. Tangu siku ile aliona taabu kuuinua mkono huo na kulenga bunduki. Baadaye alisimulia kwamba katika kinywa cha simba hakusikia maumivu wala hofu, ila alikuwa kama mtu aotaye. Naye aliona katika jambo hilo rehema ya Muumba, apunguzaye uchungu wa kufa hata kwa wanyama. Lakini sisi tukumbuke na jambo la pili. Aliyemwokoa ni Mebalwe, na Mebalwe alijeruhiwa kwa ajili yake. Katika kuwinda, kama katika safari, hakuna mtu aliye peke yake.

Vilele, na yale yaliyoonekana kutoka juu

Tangu mwaka 1849 Livingstone alianza safari zake kubwa. Alifika ziwa Ngami. Akavuka mpaka Luanda katika bahari ya magharibi mwaka 1854. Akarudi akashuka na mto Zambezi, na mwezi wa Novemba 1855 akayaona maporomoko makubwa yaitwayo na wenyeji Mosi-oa-Tunya, maana yake moshi utoao ngurumo. Mwaka 1856 akafika Quelimane katika bahari ya mashariki. Katika safari hizo nyama ya porini ilikuwa posho ya wenzake. Aliwinda kwa sababu watu walikuwa na njaa. Wala hakujisifu kwa shabaha yake, maana mkono ule haukumruhusu.

Aliporudi kwa safari ya Zambezi, mwaka 1858 mpaka 1864, yeye na wenzake walipanda mlima Morambala, ulio karibu na mto Shire. Kutoka kule juu waliona bonde lote limetandazwa chini yao, mto ukipinda katikati ya majani, na hewa ilikuwa baridi na safi kupita ile ya mabondeni yenye homa. Tangu hapo wazo moja lilimkaa moyoni: nchi za juu ndizo njema kwa afya, na huko misheni zaweza kujengwa.

Lakini nchi ile ile iliyopendeza kwa mbali ilikuwa na machozi kwa karibu. Mwezi wa Julai 1861, katika nchi ya Shire, Livingstone akiwa pamoja na Askofu Mackenzie na wenzao alikutana na msafara wa watumwa waliofungwa katika makongwa. Waliokuwa wakiwalinda wakakimbia, na watumwa 84, wengi wao wanawake na watoto, wakafunguliwa kamba. Katika wale waliofunguliwa alikuwamo mtoto wa Kiyao jina lake Chuma. Msomaji alishike jina hilo, maana tutakutana nalo tena.

Hapo Livingstone alifahamu jambo zito juu ya kuwinda. Bunduki zilizoua ndovu ndizo zilizoteka watu. Pembe zilitoka bara, na pembe ni nzito; yule aliyezitaka bila kulipa wapagazi aliwakamata watu wazibebe. Walakini tusimfanye kuwa malaika. Yeye mwenyewe katika safari ya Luanda alikwenda pamoja na watu waliobeba pembe za mfalme wao Sekeletu ili ziuzwe, kwa kuwa alitumaini kwamba biashara ya halali itaiua ile ya haramu. Tena safari zake zilikuwa mzigo mzito kwa watu wa nyumbani kwake. Watoto walikua bila kumwona baba, na mkewe Mary alikufa kwa homa huko Shupanga mwaka 1862.

Ziwa lililozungukwa na magenge

Mwaka 1866 Livingstone alitoka Unguja akashuka pwani ya kusini, akafuata mto Ruvuma kuingia bara. Mwanzoni mwa safari ile aliandika katika daftari lake juu ya furaha ya kusafiri katika nchi isiyojulikana. Maana ya maneno yake ni kwamba mtu atembeaye katika nchi za juu mwili wake hukazana, damu yake huenda vizuri, macho yake huona wazi, akili yake hufanya kazi, na usingizi wake huwa mtamu. Tena jasho, akasema, si laana kwa mtu amfanyiaye Mungu kazi.

Haukupita mwaka kabla ya maneno hayo kujaribiwa. Mwezi wa Januari 1867 mpagazi mmoja alitoroka na sanduku la dawa. Kwa mganga mwenye homa, katikati ya bara, hiyo ilikuwa kama kusomewa hukumu ya kufa. Mwezi wa Aprili alifika ncha ya kusini ya ziwa Tanganyika, amedhoofika kabisa, akalala pale mgonjwa kwa siku nyingi. Na katika ugonjwa ule alitazama. Aliona ziwa limekaa kama ndani ya bakuli refu, kingo zake magenge yaliyovikwa miti ya kijani, miamba yake myekundu, maji yakianguka juu yake. Mahali palipokuwa tambarare aliona nyati, ndovu na paa wakila majani, na usiku alisikia simba wakinguruma. Hata baada ya majuma mawili uzuri ule ulikuwa haujamchosha.

Aliye mgonjwa na kuweza bado kusifu kazi ya Mungu, huyo ana hazina ambayo mwizi wa dawa hakuiiba.

Baada ya hayo aliona ziwa Mweru, na ziwa Bangweulu mwaka 1868, akafika Ujiji mwaka 1869. Katika miaka hiyo alitunzwa na wafanyabiashara Waarabu. Mmoja wao, Mohamad Bogharib, aliagiza abebwe alipokuwa hawezi kutembea. Watu wale wale walifanya biashara ya watumwa. Livingstone alikula chakula chao na kuchukia kazi yao, na jambo hilo lilimsumbua. Mwezi wa Julai 1871, huko Nyangwe katika Kongo ya mashariki, aliona kwa macho yake watu wakipigwa risasi sokoni, wengi wao wanawake. Akarudi Ujiji amevunjika moyo, bila mali na bila afya. Huko ndiko Henry Stanley alikomkuta mwishoni mwa mwaka ule.

Pamoja na Stanley katika nchi yetu

Tarehe 27 Desemba 1871 wawili hao waliondoka Ujiji kwa mitumbwi. Walishuka na ufuko wa ziwa kuelekea kusini, chini ya milima mirefu ya nchi ya Watongwe, mpaka Urimba. Kutoka huko, mwanzoni mwa Januari 1872, wakaliacha ziwa wakapanda kuelekea mashariki. Wakaingia katika misitu ya miombo, vilima na mbuga ambazo leo ni sehemu ya Mkoa wa Katavi na za jirani zake.

Ilikuwa wakati wa masika. Mito ilijaa, majani yalikuwa marefu, na vijiji vilikuwa mbali. Stanley aliongoza msafara kwa dira, katikati ya nchi isiyo na njia, akikusudia kufika kijiji cha Imrera. Watu wake hawakusadiki kwamba chombo kidogo kile chaweza kujua njia kupita kirangozi. Chakula kilikwisha, wakala matunda ya mwituni. Ndipo walipofika juu ya kilima, Stanley akaona kwa mbali mlima aliokuwa ameuona zamani alipokuwa akienda Ujiji, akajua kwamba Imrera iko karibu. Kwa watu wale mlima ule haukuwa pambo la nchi tu. Ulikuwa ahadi ya chakula, ya moto, na ya kulala chini ya paa.

Katika siku zile za njaa Stanley aliwinda, na alipoua punda milia watu wote walikula wakashiba. Mbele yake walikuwako twiga, lakini risasi za Stanley hazikuwaangusha. Livingstone, mzee wa pori, akamwonyesha sababu: risasi ya risasi tupu ni laini mno. Akamshauri ayeyushe chombo cha zinki na kuichanganya ili iwe ngumu. Stanley akafanya hivyo, na twiga akapatikana. Nyama ikakatwa vipande, ikakaushwa juu ya moto, ikawa akiba ya msafara.

Livingstone alikuwa na umri wa miaka 58. Viatu vyake vilikuwa vimechakaa, naye alivikata hapa na pale kwa sababu miguu yake ilikuwa na malengelenge. Lakini alikwenda kwa miguu. Siku moja, karibu na mwisho wa Januari, nyuki wa mwituni waliushambulia msafara. Punda mmoja aliumwa hata akafa. Daktari naye aliumwa vibaya sana, nyuki wakajaa katika nywele zake. Hata hivyo alimaliza mwendo wa siku ile, nao ulikuwa mrefu. Jioni alikunywa chai, akala kidogo, na mara akawa mchangamfu kana kwamba hakutembea hata hatua moja. Tarehe 18 Februari wakafika Kwihara katika Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo.

Stanley alimsihi arudi Ulaya. Livingstone akakataa, akisema kwamba kazi yake haijaisha. Mwezi wa Machi wakaagana, wala hawakuonana tena.

Safari ya mwisho juu ya milima

Livingstone alingoja Unyanyembe miezi mitano, mpaka watu aliopelekewa na Stanley walipofika kutoka pwani. Kati yao alikuwamo Jacob Wainwright, kijana aliyesomeshwa katika shule ya wamisionari huko India. Chuma alikuwako tangu zamani, pamoja na Susi wa Shupanga. Tarehe 25 Agosti 1872 msafara ukaondoka kuelekea kusini-magharibi.

Wakati huu pori halikuwa la kijani. Ulikuwa mwisho wa kiangazi, wakati tuujuao sisi, ambapo majani yamechomwa, ardhi ni nyeusi, na upepo huinua majivu. Mwezi wa Septemba ugonjwa wake wa zamani wa tumbo ulirudi, akakaa siku kadhaa bila kula kitu. Mwanzoni mwa Oktoba, kutoka juu ya kilima, aliliona tena ziwa Tanganyika.

Kisha wakafuata kingo za mashariki kuelekea kusini, wakapita nchi ya Wafipa. Njia ilipanda na kushuka juu ya milima ya mawe, genge baada ya genge. Jua liliwaka, na joto la ardhi lilipita hata katika viatu. Mtu aliyewahi kwenda kwa miguu katika milima ya ufuko wa Tanganyika mwezi wa Oktoba hahitaji kuelezwa. Hata hivyo Livingstone aliendelea kutazama na kuandika. Aliandika habari za ghuba na visiwa, za vijiji na maboma yake, na za pamba iliyolimwa na wenyeji. Jicho lake halikuishia katika uzuri wa maji. Lilitafuta moshi wa nyumba, na mashamba, na kama watu walikaa kwa amani au kwa hofu.

Hapo ndipo twaona maana ya kutazama kwake. Alipokuwa na nguvu alifurahi milimani. Nguvu zilipokwisha furaha ya mwili ilikwisha pia, maana hakuna awezaye kuufurahia mlima huku tumbo likimkata. Lakini upendo wake kwa watu waliokaa chini ya mlima haukwisha. Mlima ulikuwa umemfundisha kutazama mbali, na somo lile lilibaki naye hata miguu ilipokataa kupanda.

Mvua zikaanza. Wakaingia katika mabwawa ya Bangweulu, maji yakiwafika viunoni. Wenzake walimbeba mabegani, baadaye katika machela. Alfajiri ya tarehe 1 Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo, walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake, amekufa.

Waliombeba

Chuma, Susi na wenzao wangaliweza kumzika wakaenda zao, wala hakuna ambaye angaliwalaumu. Hawakufanya hivyo. Waliuzika moyo wake chini ya mti huko Chitambo, na Jacob Wainwright akasoma sala za maziko. Mwili wakaukausha juani siku kumi na nne, wakaufunga katika gome la mti na nguo kama mzigo wa bidhaa, wakaanza kuuchukua kwenda pwani.

Waliifahamu milima ya ziwa, nao hawakutaka kuipita tena na mzigo ule. Basi walikwenda mbali zaidi upande wa mashariki, wakivuka nchi ya Ufipa na kupita upande wa Rukwa, wakaelekea Unyanyembe. Kwa hiyo mwili wa Livingstone ulipita tena katika nchi hizi zetu za magharibi, mabegani mwa Waafrika. Mtoto aliyefunguliwa kongwa mwaka 1861 alikuwa sasa mtu mzima aliyeuchukua mzigo kwa hiari yake. Katika nchi iliyojaa watu waliolazimishwa kubeba pembe, hawa walibeba kwa upendo.

Safari yao ilichukua miezi kama tisa. Mwezi wa Februari 1874 walifika Bagamoyo, na mwili ukapokewa katika misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu. Ulipofikishwa Uingereza waganga walitaka kujua kama ndio mwili wake kweli. Wakaukagua mkono wa kushoto, wakaona mfupa uliovunjwa na simba wa Mabotsa miaka thelathini nyuma. Tarehe 18 Aprili 1874 akazikwa London katika kanisa la Westminster.

Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa mwezi wa Juni 1873, naye hakupata kujua habari hiyo. Baada ya kufa kwake milango ya nchi zetu ilifunguka. Wamisionari wa London walifika Ujiji mwaka 1878. Huko Karema, katika ufuko wetu, Wabelgiji walijenga ngome mwaka 1879, na mwaka 1885 ikakabidhiwa kwa Mapadre Weupe, ikawa nyumba ya sala.

Mafundisho kwetu

Sasa turudi katika maswali yetu mawili.

Mtu achukuapo bunduki porini, anatafuta nini? Katika habari hizi tumeona wawindaji wa namna mbili. Mmoja aliwinda ili msafara ule, akakausha nyama iliyosalia isiharibike. Mwingine aliwinda ili apate pembe, na kwa ajili ya pembe akawafunga watu kongwa. Leo makongwa yamekwisha, lakini tamaa haijakwisha. Tangu mwaka 1974 nchi ya Katavi ina Hifadhi ya Taifa, nayo ilipanuliwa mwaka 1998. Humo viboko, nyati, twiga na ndovu wamelindwa kwa sheria. Amwuaye ndovu kwa siri auze pembe anarudi katika njia ile ya zamani, ambayo mwisho wake ni damu na aibu. Mkristo hawezi kuimba zaburi ya uumbaji siku ya Bwana na kuuza uumbaji siku ya Jumatatu.

Na mtu apandapo mlima, anatazama nini? Walimu wetu, wachukueni watoto siku moja mpaka juu ya kilima kilicho karibu na shule. Waacheni kwanza wapumzike, waitazame nchi kimya, wafurahi. Maana furaha hiyo ni halali, ni ya Mungu. Kisha waulizeni wanaona nini. Mmoja atasema miombo, mwingine mto, mwingine mbuga. Ngojeni mpaka mmoja aseme kwamba anaona moshi wa nyumba ya bibi fulani aliye mgonjwa, au shamba la mjane ambalo halijalimwa. Huyo ameanza kutazama kama inavyopasa. Bwana wetu naye alipanda mlimani mara nyingi kusali, na kila mara alishuka tena, kwa sababu makutano walikuwa wakimngoja chini.

Mungu atujalie katika mwaka huu wa Jubilei macho ya kuiona nchi yake kuwa njema, mikono ya kuitunza, na mabega ya kubebana. Amina.